Shangazi Alivyouawa kwa Ajili ya Usaili

Dada yangu, mtoto wa shangazi, anasikia maji. Sitanii. Mpe ile fimbo yake ya chuma, aweke ncha moja kwenye bomba na nyingine sikioni, atakuambia bomba limepasuka mbele ya duka la viatu, wala si nyuma yake. Kwetu alifanya kazi hiyo kwenye mamlaka ya maji. Alikuwa akinyoosha kidole, vibarua wanachimba, na mara nyingi waliibuka wameloa. Tunamwita Mabomba, na jina hilo analipenda kuliko lile lililoandikwa kwenye pasi yake.

Alikuja nchi hii ya watu kutafuta shahada ya uzamili. Mgeni hapa haingii chuo kwa kubisha hodi. Kuna mtihani wa kujiunga, kwanza wa kuandika, halafu usaili mbele ya watu watatu waliokaa nyuma ya meza. Wa kuandika Mabomba aliutafuna kama karanga. Kwenye usaili, mwaka jana, walimuuliza kwa nini anataka kusomea maji. Akajibu, "Kwa sababu yanapotea." Wale watatu wakasubiri jibu liendelee. Halikuendelea.

"Si ndio jibu lenyewe?" aliniuliza siku hiyo, na mpaka leo sijaona kosa lake.

Wao waliliona. Walisema mtahiniwa hana msukumo wa ndani. Mwanamke anayelala amekumbatia kitabu cha mikondo ya maji, mwanamke ambaye bomba la jirani likinguruma yeye ndiye anayekosa usingizi, eti hana msukumo. Wakamfunga mlango.

Mwaka huu ndio ulikuwa wa mwisho. Kibali cha kukaa hakiongezwi kwa mtu ambaye kazi yake ni kujiandaa tu. Akianguka tena, ni ndege na kurudi nyumbani, na nyumbani fimbo yake alishapewa mpwa wa bosi, kijana ambaye hata akimwagiwa ndoo ya maji kichwani atauliza yametoka wapi. Kwa hiyo Mabomba akafanya wanachofanya wageni wote wa hapa wanaotaka uzamili. Akajiunga na Kituo.

Kituo kilikuwa ghorofa ya juu, juu ya duka la magodoro. Nilimsindikiza siku ya kwanza, na pua yangu haijanisamehe. Zulia lilikuwa la kijani zamani. Sasa lilikuwa na rangi ya kitu kilichotapikwa kikasahauliwa. Madirisha hayafunguki. Watu wazima, wenye shahada zao, wengine na watoto nyumbani, wamevua viatu kwa amri ya mwenye jengo na wamebanana kwenye viti vya shule ya chekechea, soksi zinapumua.

Mbele yao alisimama mwalimu, Bwana Mafanikio. Hilo ndilo jina alilojibandika mwenyewe, na tai yake ilikuwa imeandikwa hivyo hivyo kwa uzi wa dhahabu. Alikuwa anafundisha huku anakula mayai ya kuchemsha. Analimenya yai, analitumbukiza lote mdomoni, kisha anaendelea kusema, na wewe unaangalia kiini kikizunguka mle kama nguo kwenye mashine.

"Wasaili hawamsomi mtu," alisema. "Wanasoma kidonda. Akili kila mtu anayo. Kidonda chako kiko wapi?"

Hiyo ndiyo ilikuwa sayansi ya Kituo. Hisabati walipewa wiki moja ya kupitia mitihani ya zamani. Kipindi chote kilichobaki kilikuwa cha vidonda. Kila mmoja alisimama, akaeleza msiba wake, wenzake wakaupima. Ukiwa mdogo, Bwana Mafanikio anaulisha mpaka unenepe. Kulikuwa na mtu mmoja wa takwimu tuliyembatiza Pazia, maana kidonda alichokuja nacho ni kwamba utotoni pazia la jikoni kwao liliwahi kushika moto. Kabla ya mwezi kwisha, ilikuwa imeungua nyumba nzima, bibi yumo ndani. Darasa lilipiga makofi. Pazia akainamisha kichwa kama bwana harusi. Bibi mwenyewe, niliambiwa, alikuwa kwao anagombana na majirani kuhusu mpaka wa kiwanja.

Siku nyingine niliyomsindikiza, zamu ya Mabomba ikafika.

"Wewe, dada wa maji. Kidonda chako?"

"Sina, mwalimu."

"Kila mtu anacho."

"Labda hili goti. Niliteleza nikaingia kwenye shimo la valvu."

Watu wakacheka. Bwana Mafanikio hakucheka, alikuwa anameza. "Baba?"

"Yupo kwa mke mwingine."

"Hiyo kawaida, haiuziki. Mama?"

"Mzima."

"Mzima kabisa?"

"Presha kidogo."

"Presha haitusaidii. Lakini mama angeweza kufa kwa maji machafu, au siyo?"

"Angeweza. Ila hakufa."

"Dada yangu, hapa si mahakamani," akasema kwa upole, upole wa mtu anayekuuzia godoro lenye kunguni. Akainama, akaweka kidole kwenye karatasi iliyo mbele ya Mabomba, mahali Mabomba alipoandika mama, akaacha hapo alama ya njano ya yai. "Hapa. Anafia hapa. Ukiwa na umri gani utachagua mwenyewe."

Njiani kurudi Mabomba alikuwa anaifuta ile alama ya yai kwenye karatasi. Mimi nilisema kwa niaba ya wote wawili, maana mdomo wangu haukuwahi kuhitimu adabu, kama mimi mwenyewe nisivyohitimu diploma niliyoiacha njiani.

"Tena ana bahati amekuachia uchague umri. Pazia alipangiwa hadi saa ya moto."

"Wote walioingia chuo mwaka jana walipitia pale," akasema.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mimi sikupitia, na sikuingia."

Kwa hiyo shangazi yangu akaanza kufa. Jioni baada ya kazi tulikuwa tunafanya mazoezi ya usaili jikoni kwetu, mimi, Mabomba, na mpangaji mwenzetu tunayemwita Nesi kwa sababu ndiyo kazi yake. Nesi ndiye alikuwa mwenyekiti wa jopo. Alikaa na sare yake ya hospitali, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, anakunja uso kama profesa. Mimi nilikuwa wasaili wawili waliobaki.

Jioni moja Shangazi alipiga simu ya video kama kawaida yake. Mabomba akaegemeza simu kwenye kopo la sukari, wakasalimiana, mara mtandao ukaganda, Shangazi amefumba jicho moja. Tukadhani imekatika. Tukaendelea na kazi.

"Kwa nini umechagua maji?" Nesi akauliza.

Mabomba akashusha pumzi kama alivyofundishwa. "Nilikuwa na umri wa miaka tisa mama yangu alipofariki—"

"Mama yako yupi?" simu ikauliza. "Au nina mke mwenza mwingine ambaye sijaambiwa?"

 Nilisikia beseni la Nesi likitikisika.

"Nakuuliza wewe. Nani kafariki?"

Mabomba akaeleza. Alieleza vibaya, kwa kurudi nyuma na kuruka mbele, lakini alieleza yote: mwaka jana, Kituo, vidonda, kibali. Shangazi alisikiliza bila kukatiza, jambo ambalo ukoo wetu haukuwahi kulishuhudia.

"Na nimekufa kwa nini?" hatimaye akauliza.

"Kuhara, mama."

"Kuhara! Mimi! Na choo changu unavyokijua! Umekosa ugonjwa wa heshima? Niue kwa moyo."

"Lazima iwe maji, mama."

"Basi nizame."

"Kuzama hakuingiliani na mabomba, shangazi," Nesi akasema kutoka kwenye beseni.

"Kumbe na nesi yupo! Wewe ndiye nimefia mikononi mwako?"

Tukaangua kicheko. Shangazi ndiye aliyeanza kucheka, na yeye akicheka hakuna msiba unaosimama. Akashika usukani wa kifo chake. Aharishe kidogo tu, siku moja, halafu aondoke upesi asichafue shuka. Afe akiwa amevaa lile gauni lake la maua. Afe akimtaja binti yake. Nesi akasema mtu aliyeishiwa maji mwilini hataji mtu, anakuwa amechanganyikiwa. Shangazi akajibu kwamba yeye hata akichanganyikiwa atataja. Wakabishana, nesi na maiti, kuhusu rangi ya midomo.

"Mwanangu," Shangazi akamaliza, "kama kufa kwangu kunakuingiza chuo, kufa si nitakufa tu? Tangulia uwaambie."

Nilicheka mpaka nikaegemea friji. Halafu nilipokwenda kuosha vyombo, kile kicheko kikanirudi kooni kama mafuta mabaya. Mchuma janga hula na wa kwao, lakini sisi janga tulikuwa tunalipika wenyewe, tunaonja chumvi, na mama wa watu anashika mwiko.

Siku ya usaili nilimsindikiza. Watahiniwa wa kigeni walikuwa wamepangwa kwenye benchi refu la korido, na nusu yao niliwatambua kwa soksi. Walikuwa wanasogeza midomo kimyakimya, kila mmoja na marehemu wake. Pazia alikuwepo. Alikuwa anafanya mazoezi ya chozi. Linakuja, analipangusa, anaanza upya. Nilitamani kuondoka, lakini Mabomba alikuwa ameshika mkono wa koti langu.

Alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka hakunitazama. Alikwenda moja kwa moja kwenye bomba la maji ya kunywa la korido, akasukutua, akatema, akasukutua tena.

"Wamekukataa?"

"Hapana. Sijui. Ilikwenda vizuri."

Tukakaa kwenye ngazi za nje, akanisimulia. Walimuuliza mambo ya uvujaji, maswali magumu, na yeye akasahau kuogopa. Msaili mmoja, mzee mwenye kalamu nne mfukoni, alichora mtandao wa mabomba kwenye ubao akamuuliza aanzie wapi kutafuta. Mabomba akachukua kalamu mkononi mwa mzee, akafuta valvu moja, ile koki ya kufungia maji, akaiweka inapostahili. Mzee akacheka, akasema ni kweli. Walibishana kama mafundi wawili kwenye shimo moja. "Yaani nilikuwa nimeshaingia," Mabomba akasema. "Niliona machoni mwao. Nilikuwa nimeshaingia."

"Sasa?"

"Sasa yule mama wa katikati akafunga faili, akavua miwani, akaniuliza, kwa nini maji?"

Alikwaruza ngazi kwa ukucha. 

"Nikawaangalia wote watatu. Walikuwa wamenyamaza vilevile kama mwaka jana. Vilevile kabisa. Nikaogopa. Nikamuua."

"Kwa kuhara?"

"Na gauni la maua." Akafuta mdomo kwa kiganja, ingawa ulikuwa mkavu. "Yule mama akalia. Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa moto, una jasho. Nilitaka kuuchomoa wangu."

Nataka niseme nilimhurumia dada yangu, na nilimhurumia. Lakini kilichonijaa zaidi kilikuwa kinyaa, na hakikuwa cha kwake peke yake. Nilimwona Bwana Mafanikio anameza yai. Niliwaona wale watatu, watu wenye vitabu mpaka kwenye dari, wana fundi mbele yao anayewasahihishia ubao, bado wanamsubiri awaletee maiti ndipo waamini kwamba anapenda kazi. Ni kama kwenda kwa fundi viatu na kumwambia, shona yako nimeiona, sasa hebu lia.

Akachaguliwa. Kama ni valvu iliyomwingiza au ni kaburi, hatajua mpaka anazeeka, na hilo nalo ni sehemu ya bei. Yule mama wa miwani alimpigia mwenyewe kumpongeza, na akamwomba jambo dogo: wiki ya kwanza ya masomo kutakuwa na hafla ya wafadhili, je, angeweza kusimama dakika chache, awasimulie kuhusu marehemu mama? Mabomba akasema ndiyo. Angesemaje?

Pazia hakuchaguliwa. Inasemekana chozi lilikuja mapema, kabla ya moto.

Jioni Shangazi akapiga. Alipiga vigelegele, akawaita majirani wakapiga nao, tukaona paji la uso la mtu na kipande cha dari. Halafu akajitenga nao, akaisogeza simu karibu, sauti ikashuka.

"Uliwaambia?"

Mabomba aliitazama skrini. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake nakausha sahani.

"Hapana, mama. Waliuliza mabomba tu."

"Kweli?"

"Kweli."

Shangazi akafumba macho. Safari hii haukuwa mtandao. "Alhamdulillahi," akasema. "Nilicheka siku ile nisikuvunje moyo, mwanangu. Lakini tangu siku hiyo nikila chakula hakishuki. Kila nikiumwa tumbo nasema, ndiyo hiyo imefika. Mtu kutajwa marehemu na mtoto aliyemzaa mwenyewe, uuh! Sasa nitakula." Akacheka, akajipangusa pua kwa kanga. "Na kwa kuwa mimi ni mzima, nimeshaamua. Nakuja nikuone ukianza hicho chuo. Nikae mbele kabisa. Niwasalimie walimu wako."

Sahani iliniponyoka kidogo, nikaidaka.

"Wanaanza lini?" Shangazi akauliza.

Mabomba akamtajia wiki yenyewe. Ile ile ya hafla. Hakuwa na nyingine ya kutaja.

"Njoo, mama," akasema.

Nikaweka sahani, nikatoka nje kutafuta hewa, nikamwacha jikoni anamwelekeza marehemu namna ya kuomba viza.