Mtambo Uliovimbiwa

Mama yangu alikuwa analia kila siku, na wala si kwa huzuni. Ni moshi. Jiko lake pale Maretadu ni la mafiga, mlango mdogo, kuni mbichi, na kwa baridi ya kule juu, ukifungua dirisha unajuta. Daktari alimwambia wazi: mama, ukiendelea na moshi huu, macho utayapoteza. Nikamwomba ahamie kwangu Babati. Akaniuliza, "Na ng'ombe nao utawapa chumba?" Basi, yakaishia hapo.

Ndipo nikaleta habari ya bayogesi. Alicheka mpaka akashika ukuta. Yaani apike ugali kwa mavi! Lakini akakubali, nadhani alitaka kuniaibisha vizuri.

Fundi alitoka Gitting, bwana mmoja mpole asiyependa kuharakishwa. Mimi ni mtu wa haraka, kwa hiyo tulikwaruzana kidogo. Ila kazi yake, jamani! Alichimba shimo la duara, akasimika kijiti katikati, akakifunga kamba, na kila tofali alilipima kwa kamba ile. Ukuta ukapanda huku ukiinama ndani kidogo kidogo, mpaka ukajifunika wenyewe juu kama chungu kilichopinduliwa. Sikuona nguzo ya kuushikilia. Nilibaki mdomo wazi.

Ndani akapiga lipu tena na tena, hewa isipate pa kupenya, kisha akafukia kwa udongo. Upande mmoja aliacha mdomo wa kulishia. Unachanganya samadi mbichi na maji, sawa kwa sawa, unakoroga hadi iwe kama uji, unamimina. Humo gizani samadi inachacha, gesi inapanda hadi juu ndani ya kuba hilo, na bomba linaipeleka jikoni. Tope lililokwisha kazi linasukumwa nje upande wa pili, nalo linakwenda shambani kwenye mahindi. Hakuna kinachotupwa. Mimi niliyesoma miaka yote ile sijawahi kuona akili iliyonyooka namna hiyo.

Siku ya kuwasha nilikuja kutoka Babati. Kipimo cha ukutani kilionyesha gesi imejaa, na majirani walijaa pia. Nikafungua koki, nikawasha kiberiti. Kikazima. Nikawasha kingine, nacho kikazima. Kilichotoka ni harufu tu, na jirani mmoja akasema, "Mavi ni mavi," watu wakaangua kicheko. Mama hakucheka. Alirudi kwenye mafiga yake, akapuliza kuni, akaanza kukohoa. Iliniuma sana.

Asubuhi nikamkuta ameinama kwenye mdomo wa mtambo, bakuli mkononi, anamimina.

"Shikamoo mama. Unaweka nini humo?"

"Marahaba. Magadi na mafuta ya kula."

"Mama!"

"Umevimbiwa huu. Upepo umejaa tumboni, hautoki. Ng'ombe akiwa hivi, wewe utamwangalia tu?"

Nilipandisha sauti, nikakumbuka naongea na nani, nikaishusha. Nikampigia fundi mara moja, maana nilijua tumeua mtambo. Fundi akauliza ni kiasi gani. Bakuli moja, nikamwambia. Akapumua. "Hilo haliui kitu, ila asirudie. Tatizo ni kwamba hewa ya kwanza huwa haiwaki. Ifungulieni itoke yote, nje, mbali na moto, kisha mlishe na msubiri."

Mama alikuwa amebandika sikio kwenye simu yangu. "Si nilisema umevimbiwa!"

Dawa alikosea, lakini ugonjwa aliujua kabla yangu, tena bila kuuliza mtu.

Kuanzia hapo akauchukua mtambo kama ng'ombe wake mwingine. Aliokota kila jani na kila kijiti kwenye samadi, akisema tumbo hili halina meno. Maji ya kukorogea aliyaanika juani kwanza, kwa sababu tumbo halipendi baridi. Fundi alipopita kukagua alimsifu, na mama akanipigia simu kunitambia.

Nilipokuja tena, koki aliifungua mwenyewe. Kiberiti, na moto ukashika, wa bluu, bila chembe ya moshi. Mama aliinama, akakodoa, hakuuona kwa mwanga wa mchana. Akapeleka kiganja juu yake, akakirudisha mbio. "Yesu wangu!" Kisha akabandika sufuria.

Nilikaa mbele yake, pale pale tulipozoea kukaa kila mmoja amegeuza uso pembeni, akifuta machozi. Alisonga ugali, akanitazama, akaacha kusonga. Macho yake yalikuwa makavu.

"Mwanangu," akasema taratibu, "una mvi. Tangu lini?"