Mbaruku, fundi wa kung'arisha aliyeambiwa mng'aro umezidi

Saa moja na nusu asubuhi, Igogo, Mwanza. Mbaruku Yassin amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, mikono magotini, mbele ya dashibodi ya gari iliyolazwa juu ya meza mbili na kufunikwa shuka kuukuu. Analifunua shuka, anatazama, analifunika tena. Hajaigusa tangu juzi.

Tatizo lake ni kwamba inang'aa mno.

"Miaka ishirini na sita watu wananilipa ning'arishe," anasema fundi huyu wa vanishi mwenye miaka 49. "Leo naambiwa mng'aro ndio kosa. Nimechanganyikiwa, sikufichi."

Mtaani wanamwita Kioo, maana kitanda kikitoka mikononi mwake unaweza kujinyolea ndevu mbele yake. Kitanda kimoja humpa Sh45,000, lakini tangu samani za kiwandani zifurike mjini, zipo wiki ambazo haletewi hata kigoda.

Ndiyo maana Mzee Pravin, muuza vitambaa ambaye milango ya nyumba yake Mbaruku ndiye aliyeipaka vanishi, alipomletea gari, fundi hakujiuliza mara mbili. Ni gari la mbio la Kiingereza, viti viwili, la mwaka 1967. Baba yake Pravin alilinunua likiwa jipya.

Dashibodi yake ni plaiwudi iliyobandikwa ngozi ya mbao ya mti wa Ulaya, nyembamba kama karatasi ya daftari. Mti huo huku haupatikani. Ngozi ikitoboka, basi tena, na Mzee Pravin alilisema hilo mapema.

Kuitoa dashibodi kulichukua siku mbili. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na Mbaruku aliinama hasa: chali chini ya usukani, miguu nje ya mlango. Kila skrubu aliichomeka kwenye kipande cha boksi alichokichorea umbo la dashibodi, na kila waya akaufunga uzi wa rangi yake, ili geji zirudi zilikotoka.

Mbao yenyewe aliikuta imefifia, haina nuru. Akadhani ni uzee. Akaikwangua kwa msasa laini, akapaka vanishi tabaka nane kama kitanda cha bibi harusi, kisha akairudisha garini.

Mzee Pravin alifurahi hadi akamwita mkewe, Lata, aje ajitazame. Jumapili asubuhi mzee na fundi wakashika barabara ya Kisesa, jua likipanda mbele yao. Hawajafika Kisesa, mzee akaegesha kando. Kivuli cha dashibodi, geji na kila kitu, kilikuwa kimetanda kwenye kioo cha mbele.

"Fundi," alisema taratibu, "mbao yako naiona. Barabara siioni."

Mbaruku alitamani ardhi ipasuke immeze.

Alipoitoa tena, alifungua kidroo cha mbele ya abiria. Nyuma ya bawaba palikuwa na ukanda mwembamba ambao msasa wake haukuufikia. Ulikuwa umefifia vilevile, ingawa jua halijawahi kufika pale. Kumbe haukuwa uzee. Waliolitengeneza gari walitaka mbao iwe hivyo.

"Nilimtibu mtu asiyeumwa," anasema.

Sasa mng'aro lazima utoke, lakini msasa hathubutu tena. Ngozi imekwishakwanguliwa mara moja. Ya pili huenda plaiwudi ikachungulia. Amewauliza mafundi wenzake watatu na kupata majibu manne.

Jibu la tano linaletwa na mkewe, Sihaba, likiwa ndani ya bakuli: majivu ya jikoni, ameyachekecha mara mbili. Anamwuliza mumewe ni lini amemwona akisugua sahani za wageni kwa msasa. Mbaruku anacheka kwa mara ya kwanza asubuhi hii.

Anayachanganya na mafuta ya kupikia, anachovya kitambaa na kuanza pembeni, karibu na ule ukanda. Anasugua kidogo, anafuta, anainama kulinganisha. Jasho linamtoka. Polepole mng'aro unapungua, na michirizi ya mti inabaki ilivyo.

Jumapili iliyofuata, anasimulia baadaye, mbao ikiwa imerudi garini, walitoka tena saa ileile. Walipita Kisesa, wakafika Bujora, wakageuza. Mzee Pravin alizungumzia mvua, bei ya vitambaa na magoti ya Lata. Kuhusu mbao, kimya. Mbaruku hakujua afurahi au anune. Hakuna aliyewahi kukaa saa nzima mbele ya kazi yake bila kuisifu.

Walipofika Igogo, uvumilivu ulimwishia.

"Mzee, vipi mbao?"

"Mbao?" Mzee Pravin aliitazama kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. "Mimi nilikuwa natazama barabara."

Mbaruku sasa anapanga kutundika vibao viwili mlangoni pa karakana, kimoja kinachong'aa na kimoja kilichofifia, ili kila mteja achague kabla msasa haujagusa kitu. Magari ya zamani yapo mjini, anasema, na anayataka.

"Kwenye vitanda waendelee kuniita Kioo," anasema, akifuta vanishi kwenye kucha. "Kwenye magari wasiniite chochote. Waendeshe tu, wafike."