Mistari Myekundu ya Fundi Kazungu

Niliondoka Utange asubuhi kwa sababu ya maneno yangu mwenyewe. Nilikuwa nimewaambia wenzangu wa steji ya bodaboda kwamba fundi wetu, Kazungu, hajui kukaza nati. Keria ya kubebea mizigo na ekzosi ya pikipiki yangu zimelegea, na hata wiki haijaisha tangu azikaze. Wakapanga wakutane jioni, wahamie kwa fundi mwingine. Hapo nikaingiwa na wasiwasi. Je, kama nimemsingizia? Nikaona niende Shika Adabu kwa Mbeyu, fundi asiyemjua Kazungu, anitazamie.

Kongowea nilisimama kupisha mikokoteni ya viazi. Keria ilikuwa ikilia kama debe. Nikaikaza. Kufika feri, imelegea tena.

Saa nne hivi, Shika Adabu, nilimkuta Mbeyu amekalia ndoo, spana mkononi.

"Habari za kazi, dada?"

"Njema, kaka. Pikipiki yako nimeisikia kabla sijakuona." Aliinama. "Nani kaipaka rangi ya kucha?"

"Fundi wangu. Urembo wake huo, kila nati mstari mwekundu."

"Urembo! Mstari unaanzia kwenye nati, unaishia kwenye fremu. Nati ikisogea, mstari unakatika. Haya, nionyeshe uliokatika."

Nilizunguka pikipiki mara mbili. Hakuna.

"Ila nati za keria na ekzosi hazina mstari. Nani alizifungua?"

Nikakumbuka Jumapili, nilipoosha pikipiki, nikazifungua na kuzisugua kwa petroli hadi rangi ikatoka. "Mimi. Lakini nilizirudisha kwa nguvu zote!"

"Na vile vipete vya springi vya chini ya nati, vya kuzuia mtikiso usizilegeze?"

"Viko nyumbani dirishani, kwenye kifuniko cha chupa. Nilidhani vimezidi."

"Vimezidi!" Alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akatia vipya, akakaza.

Kurudi, keria haikulia hata kidogo. Nikabaki na maneno yangu tu kichwani.

Jioni, Utange, wenzangu walikuwa wameshakaa, Kazungu amesimama kando na mikono yake ya grisi. Nilisema yote, hata habari ya kifuniko.

"Karibu, profesa wa nati!" mmoja akapiga kelele. Wakacheka, na habari ya kuhama ikaishia hapo.

Sikutaka pia kuficha hili: nilimwambia Kazungu hakuwahi kutueleza maana ya ile mistari.

"Kweli, hapo nilikosea," akasema. Akanipa kichupa cha rangi. "Lakini hizo nati ulizofungua, zichore mwenyewe."

Nikachora, nikajipaka na kidole gumba. Bado kina wekundu. Nikitaka kumsema mtu, kwanza nakitazama.