Nilivyoitwa Mkunya Kuamua Vita

Ijumaa ya kwanza ya likizo, saa kumi na moja na nusu alfajiri, Mama aliniamsha akaniambia nivae haraka, naenda Newala kumaliza vita. Bibi alikuwa amempigia simu: "Nileteeni huyo anayesoma historia. Aje awaambie hawa wazee nani atashinda, tupate maji."

Mimi niko kidato cha tatu, na darasani hata nikijua jibu huwa natazama dawati. Mama anajua. Lakini mwanahistoria mwingine kwenye ukoo hatuna.

Vita vyenyewe viko mbali, kati ya nchi mbili jirani ambazo nimeziona kwenye atlasi tu. Babu alivisikia redioni akaichagua nchi ya kaskazini. Jirani yake, Mzee Hamisi, akachukua ya kusini, nadhani kwa sababu ya kaskazini ilishachukuliwa. Mwanzoni ulikuwa utani. Halafu siku moja jeshi la kaskazini likateka daraja, Babu akacheka kupita kiasi, na tangu hapo hawasalimiani.

Stendi ya Masasi, Mama alinikabidhi kwa dereva kama furushi. "Huyu haongei. Mshushe Mkunya." Majabali ya Masasi yakabaki nyuma, nami nikawa nakariri moyoni alichotufundisha mwalimu: vita vikirefuka sana, mara nyingi hashindi mtu. Watu huchoka, hukaa mezani, na mpaka hubaki karibu palepale ulipokuwa. Gari lilipoanza kupanda mlima hewa ikapoa, nikaanza kukariri upya.

Mkunya, kijijini kwa Babu na Bibi huko Newala, tulifika kabla ya saa nne. Bibi alinipokea na bakuli la mabibo.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Fyonza hayo, maji ya kunywa hakuna."

Huku juu watu hunywa mvua. Nyumba ya Mzee Hamisi ni ya bati lakini hana kisima. Ya Babu ni ya nyasi, ila ana kisima cha saruji. Miaka yote gata la Mzee Hamisi limekuwa likimwaga maji ya paa lake kwenye kisima cha Babu, na nyumba zote mbili zikichota. Sasa Mzee Hamisi ameng'oa gata akalificha uvunguni, na Babu amekitia kisima kufuli. Kisima chenyewe kikavu.

"Kufuli la nini, Babu?"

"Wasije wakakiteka."

Wakati huo akaingia Chande, muuza maji, akisukuma baiskeli yenye madumu. Aliuza dumu kwa Bibi, akauza kwa mke wa Mzee Hamisi, kisha akawapa wazee wote wawili betri za redio. Za bure.

"Vita bado, mdogo wangu?" akaniuliza.

Nikatazama miguu yangu. "Bado."

"Haya, tuombe uzima."

Bibi alinionyesha goti lake lililovimba. Zamani alikuwa akishuka mwenyewe chemchemini bondeni. Mwaka huu hawezi tena. Mvua ya kwanza isipoingia kisimani, itabidi anywe kwa Chande mpaka Chande achoke. Na wingu lilikuwa limeshatanda.

Alasiri kikaitishwa kikao. Babu kwenye baraza lake, Mzee Hamisi kwenye lake, mimi nimesimama katikati ya uwanja nikishikilia kiti kama ngao.

"Sema, msomi," akasema Babu. "Nani anashinda?"

Nikasema yote, kwa sauti ambayo kuku tu waliisikia. Nikarudia.



"Yaani atoke Masasi mpaka hapa kuja kusema hakuna mshindi?" Babu akang'aka.

"Shule za siku hizi!" akasema Mzee Hamisi.

"Umeona eeh?"

Walikuwa wanaongea! Wakagundua, wakageuziana migongo.

Mvua ikashuka.

"Fungua kisima, nami nilete gata," Mzee Hamisi akapiga kelele.

"Lete gata kwanza!"

"Nani alianza? Lile daraja lilikuwa la nani?"

Maji ya paa yakawa yanachimba mchanga bure. Nikamwona mke wa Mzee Hamisi akilisukuma gata nje kupitia dirishani. Bibi naye akafungua pindo la khanga, ukatoka ufunguo. "Ninao tangu jana," akasema. "Nilikosa mwenye mikono ya kuinua gata." Akafungua kufuli.

Misumari ya gata ilikuwa imepotea. Nikapanda juu ya kiti, nikalishika kwa mikono, maji yakaanza kuimba kisimani.

"We mtoto!" Mzee Hamisi akaniona. "Uko upande gani?"

Bati lilikuwa linanguruma, ikabidi nipige kelele. "Mimi natoka Masasi!"

Wakaendelea na daraja lao. Mimi nilishika mpaka mvua ikakatika, mikono imekufa ganzi.

Jumamosi asubuhi wazee walikuwa redioni, kila mtu barazani kwake, hawasalimiani. Nikakumbuka kwamba kwenye mtihani wa mwalimu hakukuwa na swali la nani anakunywa nini wakati wanaopigana hawajakaa mezani. Nilikuwa nachota maji ya nyumba zote mbili Chande alipofika, jasho linamtiririka, madumu yamejaa.

"Vipi mdogo wangu, vita bado?"

Nikamtazama usoni.

"Bado, kaka. Ila maji tunayo."

Akayaangalia madumu yake, akaangalia kisima. Nikamchotea kikombe, maana alikuwa amepanda mlima wote ule.