Tambour Juu ya Bashi ya Maharagi

Hakuna muntu alinifunza imprimante, mashini ya kuchapa karatasi. Nilikuwa sekretere ku masomo ya sekondari huku Masisi, upande wa Kirolirwe, na ile mashini ilikuwa yangu: ikikwama ni miye, ikichafuka ni miye. Milima yetu iko na ukungu, karatasi inalala ikikunywa baridi, na asubuhi zinaingia mu mashini mbili mbili, zimeshikamana. Nilishazoea kuitukana kwanza, kiisha kuitengeneza.

Siku moja mbele ya examen, nikiwa natoa maswali ya mutihani, ikaanza kuchora mistari nyeusi ku kila karatasi. Nikaizima, nikangoja ipoe, juu mule ndani kunaunguza, kiisha nikaifungua. Mama wee! Vumbi, unga ya wino, na mende mukavu. Nikatoa tambour, lile bomba laini la rangi ya majani lenye kushika maandishi mbele yafike ku karatasi, nikaifunika na kikwembe ku meza. Nikapangusa zile roulo zenye kuvuta karatasi na kitambaa chenye maji kidogo, kiisha nikakimbia ku dispensere kuomba pamba.

Kurudi, kikwembe kimekunjwa vizuri. Tambour, hakuna!

Mama mwenye kufagia biro zetu, mujane aliyekimbia Walikale na watoto bila hata sufuria, alikuwa nje anageuza maharagi ku bashi, ile turubai ya kuanikia. "Dada, ile kitu yako ilikuwa baridi sana," akaniambia. "Nimeianika."

Ilikuwa imelala mule katikati ya maharagi, jua ya saa sita inaipiga. Nilipiga kelele mpaka kuku zikatawanyika. Lakini angejuaje? Kwetu tunaanika kila kitu: maharagi, muhogo, godoro ya mutoto, kayé za wanafunzi zilizonyeshewa. Nani aliwahi kumwambia kwamba kuna kitu inaharibiwa na mwangaza?

Nikairudisha ndani, nikajaribu. Karatasi ikatoka nyeusi sawa matako ya sufuria.

Prefe, mukubwa wa masomo yetu, akaingia, akauliza nani alifanya vile. Mama hakuficha. "Basi," prefe akasema, "kesho watoto wakikosa examen, mama atafute kazi fasi ingine." Alisema vile mbele yake, sawa vile hakuna muntu pale. Mama akakaa ku ngazi, akashika kichwa. Ile kazi njo ilikuwa inalisha watoto wake, hakuwa na shamba huku.

Damu ikanichemka. "Papa prefe, weye ukinyeshewa, viatu unaanika wapi? Si ku ile bashi?"

"Hiyo ni mambo ingine."

"Ni mambo ile ile! Ukimufukuza, tunatoka naye. Imprimante utaipangusa weye mwenyewe."

Akageuka, akaenda ku biro yake. Kutuma muntu mpaka Goma anunue tambour mupya, apite Sake na Mubambiro na vile barabara ilikuwa ya hatari, hakuna mwenye alikubali. Nikachukua tena ile karatasi, niipasue kwa hasira, njo nikaona: weusi haukufika fasi yote. Upande wa kushoto ulikuwa safi.

"Mama, uliiweka namna gani?"

"Nusu ilienda chini ya lungo ya kupepetea maharagi, dada. Nafasi haikutosha."

Kumbe lungo ilikuwa imeikinga! Nikakaa ku ordinatere, mashini ya kuandikia, nikasukuma maswali yote upande wa kushoto, yakawa membamba, marefu. Groupe ya umeme ikanguruma, karatasi zikatoka nusu nyeusi, nusu nyeupe. Wino ikianza kupungua, nikatoa kartushi, nikaitikisa, nikairudisha. Mama akashika makasi, akakata weusi wote, karatasi moja moja. Prefe akapita ku mulango. "Mukaguzi atasema nini juu ya hivi vipande?"

"Atasoma maswali," nikamujibu.

Kesho yake watoto waliandika. Prefe akazunguka kati yao, akainua kipande kimoja, akakirudisha. Kiisha akaja ku biro yetu, akamukuta mama amesimama na ufagio, anangoja. Miye pia nikasimama, nikachukua sakoshi yangu, nikaitia begani. Sikuwa nachekesha.

Prefe akaangalia ile sakoshi, akaangalia imprimante. Akakohoa.

"Mama," akasema, "ukimaliza hapa, biro yangu nayo iko na vumbi."