Paukwa ya Mchana Kweupe

Tabia binti Mkadam alikutana na Wagiriki wa kale kwa sababu ya njugu.

Mwaka wa sitini na nne ulikuwa unakaribia kwisha. Pale Darajani, mzee Hamad muuza njugu hakuwa tena na shida ya karatasi za kufungia. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilikuwa zimebaki bila wenyewe, na vitabu vyao vikiuzwa kwa mizani kama dagaa. Tabia alinunua njugu zake, akazila huku akitembea kuelekea Malindi alikokaa kwa shangazi yake, na zilipokwisha akakikunjua kile kifuko. Alikuwa mtu asiyeweza kuyaona maandishi akayapita.

Ukurasa ulikuwa wa Kiingereza. Ulieleza habari za jitu lililohukumiwa kuibeba mbingu mabegani milele. Siku moja akaja shujaa, jina lake Herakle, akakubali kulipokea mzigo kwa muda mfupi ili nalo liende likamchumie matufaha ya dhahabu. Jitu likaenda, likarudi na matufaha, lakini mabega yalikuwa yameshaonja uhuru. Likakataa kurudishiwa mbingu yake. "Vyema," akasema shujaa, "nitaibeba mimi. Ila nishikie kidogo tu, nijitengenezee ngata ya kutuliza mzigo mabegani, maana..."

Karatasi ikaishia hapo. Tabia akarudi Darajani mbio.

"Shikamoo, mzee Hamad. Ukurasa unaofuata uko wapi?"

"Marahaba. Ukurasa gani, binti? Mie nauza njugu."

"Wa kitabu hiki."

"Aa, huo! Labda kapewa yule hamali aliyepita sasa hivi. Mkimbilie, ila angalia, keshaufutia mikono." Akacheka mpaka akakohoa, kisha akavuta kilichobaki chini ya meza. "Chukua. Lakini kesho njoo ununue njugu, usije ukanunua karatasi tupu ukaniharibia biashara."

Kilichobaki kilikuwa kitabu kisicho na jalada, kimechanwa huku na huku. Mashujaa walizaliwa na hawakukua, wengine walikufa bila kuzaliwa. Mtu mwingine angekisoma akakiweka. Tabia aliamua kukikamilisha.

Alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa. Alizaliwa Mkokotoni, baba yake Mtumbatu mshona matanga, na aliletwa mjini mdogo ili asome. Walimu wengi walipoondoka mwaka ule, vijana waliomaliza skuli walipewa chaki wakaambiwa wafundishe, naye akiwamo. Asubuhi alisomesha, na mchana alikwenda maktaba kutafuta kurasa zilizoliwa na wateja wa Hamad. Alijua sasa kwamba jitu liliipokea mbingu "kidogo tu", na shujaa akaokota matufaha yake akaenda zake. Alijua nani alizaa nani katika ukoo wa miungu wale, jambo lisilo rahisi, kwa kuwa mkubwa wao Zeu hakuwa na adabu.

"Hawa nawajua," alisema shangazi yake, Bi Mwanakheri, siku aliposimuliwa. "Wivu, ndoa za siri, ukewenza, kurogana. Mbona umefika mbali kuwatafuta? Ungefungua dirisha tu."

Siku moja meli ya Kigiriki ilitia nanga kupakia karafuu, na Tabia akamwomba mjomba wake aliyefanya kazi bandarini amkutanishe na Mgiriki mmoja. Akaletwa mpishi wa meli, mtu mfupi mwenye masharubu, aliyejua Kiswahili cha kuombea maji na sigara. Tabia akamuuliza habari za Herakle. Uso wa yule mtu ukang'aa.

"Iraklis! Ndugu yangu!"

"Ndugu yako?"

"Ndugu yangu. Tumbo moja. Anauza samaki."

Mjomba alicheka njia nzima ya kurudi. Tabia naye alicheka, lakini neno lile hakulisahau. Kumbe huko kwao wale miungu walikuwa wameshahama mbinguni, wakabaki majina ya wauza samaki. Zilizobaki hai ni hadithi peke yake. Hapo ndipo alipotaka watoto wa Unguja nao wazipate, wajue kuwa watu wa mbali nao waliiogopa bahari, wakamcheka mfalme, wakamlilia mwana.

Mwaka wa sitini na saba alihamishiwa skuli ya Mkokotoni, karibu na nyumbani kwao. Katika somo la tarehe, yaani historia, kulikuwa na mlango mmoja juu ya watu wa kale, na Wagiriki walitajwa humo kwa mistari michache. Tabia aliifungua ile mistari kama mtu afunguavyo mlango wa ghala. Watoto walisahau kuchungulia nje.

Balaa lilianzia chomboni mwa Shaame. Shaame alikuwa nahodha wa mashua ya kuvusha watu kwenda Tumbatu, mtu wa swala tano asiyependa maneno mengi. Siku ya bahari chafu alikuwa amempakia binti yake Wanu, na Wanu akataka kumliwaza baba.

"Usijali, baba. Mwenye bahari kakasirika tu, atapoa. Ana mkuki wa meno matatu. Jina lake Poseidoni."

Shaame nusura aachie usukani. "Mwenye bahari nani?"

"Poseidoni."

"Nani kakwambia?"

"Mwalimu."

"Kakuhadithieni hadithi?"

"Si hadithi, baba. Tumesomeshwa."

Haikupita wiki, nusu ya madawati ya darasa la Tabia yakawa matupu. Mwalimu mkuu, Mwalim Muhiddin, mtu mwema aliyeogopa kila kitu kilichokuja na kelele, akamwita ofisini kwake.

"Bi Tabia, wazee wanasema unawafundisha watoto miungu."

"Nnawafundisha hadithi za watu wa kale, Mwalim."

"Wazee hawasemi hivyo. Jumamosi wanakuja baada ya swala ya alasiri. Nitawaambia somo limefutwa na wewe unarudishwa mjini. Huko watakupa kazi ya bohari, ugawe chaki na wino. Ni kazi nzuri, haina fitina."

"Haina watoto pia."

"Bi Tabia..."

"Nipe hiyo Jumamosi niseme mwenyewe."

"Utasema nini?"

"Bado sijui. Lakini nitasema."

Siku zilizofuata alijaribu kila hoja. Kwamba Zeu hana msikiti popote. Kwamba ndugu wa mpishi anauza samaki. Zote zilikuwa hoja za kujitetea, na mtu anayejitetea keshasimama kizimbani.

Jibu alilipata Ijumaa, wakati wa mapumziko, akiwa amekaa nyuma ya ukuta wa darasa anakula muhogo wake. Upande wa pili wasichana wachache waliobaki walikuwa wanapiga soga. Mmoja akasema, "Paukwa!" Mwenzake akamziba mdomo.

"We! Mchana huu? Utaota mkia!"

"Nilitaka kuhadithia ya sungura."

"Ngoja usiku. Hebu tuambie ile ya Herakle na joka la vichwa vingi. Ile si hadithi, haina paukwa. Mwalimu kasema tu."

Tabia aliacha kutafuna. Alizaliwa hapa, na mkia huo aliuogopa tangu mdogo kama mtoto yeyote wa kisiwa hiki. Hadithi ni ya usiku; anayehadithia mchana huota mkia. Msimulizi huita "Paukwa!", wasikilizaji hujibu "Pakawa!", na hapo kila mtu, hata kitoto cha miaka mitatu, anajua kwamba amevuka kizingiti na kuingia mahali ambapo sungura husema na zimwi hula watu, na kwamba asubuhi atarudi. Yeye alifundisha mchana, kwa hiyo paukwa hakuitoa. Hata haikumpitia akilini kuitoa, kama isivyompitia mtu kutoka nje bila kanga. Na neno lisilo na paukwa, katika masikio ya Mkokotoni, ni habari ya kweli. Aliwavusha kizingiti watoto wa watu bila kuwaambia kuwa kipo. Shaame alikuwa na haki.

Jumamosi wakaja. Wanaume walikaa kwenye madawati ya mbele, magoti yamewafika kifuani, na wanawake upande wa dirishani. Jua lilikuwa bado kali. Mwalim Muhiddin akaanza kukohoa kikohozi cha kutoa hukumu, lakini Tabia akamtangulia, akasimama mbele ya ubao.

"Wazee wangu, shikamooni. Nimekosa, na kosa langu nnalijua. Nnaomba nilitengeneze mbele yenu." Akavuta pumzi. "Paukwa!"

Pakawa kimya. Kisha mama mmoja akashika kichwa.

"Mchana huu, Bi Mwalimu? Jua lote hili? Utaota mkia, mwanangu!"

"Nikiota nitaufungia kibwebwe. Paukwa!"

Wengine walitazama magoti yao. Wengine walitazama dari. Tabia alihisi jasho likimteremka mgongoni, pale pale ambapo mkia huota, lakini hakuketi. Aliita mara ya tatu, kwa sauti kubwa zaidi, akimtazama Shaame machoni. Na Shaame, ambaye tangu utotoni hakuwahi kuiacha paukwa ikining'inia hewani, alijikuta mdomo umeshafunguka.

"Pakawa," alisema, kwa hasira.

Darasa zima likamfuata. Tabia akawapa hadithi ya nahodha Odiseo, aliyetaka kurudi kwao baada ya vita. Bwana wa pepo za bahari alimzawadia mfuko wa ngozi ya ng'ombe, ndani yake amefunga pepo zote mbaya, akamwachia umande tu, upepo ule mwanana, umsukume polepole hadi nyumbani. Nahodha hakumwambia mtu kilichomo. Alishika usukani mwenyewe siku nyingi bila kulala, mpaka moshi wa nyumba za kwao ukaonekana. Hapo usingizi ukamwangusha. Mabaharia wakanong'onezana: mfuko ule una dhahabu, anatunyima. Wakaufungua.

"Lahaula!" akasema mtu nyuma.

"Zikatoka zote, kaskazi na kusi na matlai kwa pamoja. Chombo kikarudishwa kilikotoka."

"Mabaharia wezi hao," akasema mzee Mjaka, aliyevua bahari ile maisha yake yote.

"Si wezi," akasema Shaame. "Nahodha mpumbavu. Unapakia mzigo hutaji kilichomo? Baharia lazima ataufungua. Hata mie ningeufungua."

"Wewe Shaame ungeufungua hata ukitajiwa!"

Vicheko vikaruka mpaka dirishani. Wakabishana kwa muda mrefu juu ya nahodha asiyelala na haki ya baharia, na mwanamke mmoja akataka kujua kama mke wa yule mtu bado anamngoja. Kelele zilipopungua, Shaame akainua mkono. Hakuwa anacheka tena.

"Na huyo bwana wa pepo, Mwalimu? Nini yeye?"

"Ni wa hadithini, kama zimwi. Umewahi kuona mtu analisujudia zimwi? Kosa langu ni kuwaingiza watoto hadithini bila kubisha hodi. Halitarudi. Lakini wasinyimwe."

Shaame akalitazama jua dirishani. "Utapaukwa kila siku? Mchana?"

"Kila siku."

"Na mkia je?"

"Mkia wangu, dhima yangu."

Mwalim Muhiddin, alipoona kelele zimekuwa upande wa Tabia, akasema kwamba yeye binafsi hakuwahi kuliona tatizo. Somo likabaki. Si watoto wote waliorudi. Baba mmoja alimtoa binti yake na hakumrejesha, na Tabia alilibeba hilo bila ngata. Lakini Wanu alirudi, na kwa mwezi mzima yeye na wenzake walihakikisha kuna mtu anayemtazama mwalimu kwa nyuma anapoandika ubaoni.

Tabia alisomesha Mkokotoni mpaka mwanzo wa miaka ya sabini, akizidi kuokota kurasa zake moja moja.

Wiki mbili baada ya mkutano ule alivuka kwenda Tumbatu kumwona bibi yake. Alipanda mashua ya Shaame asubuhi, akaketi na mkoba wake mapajani, mdomo wa mkoba umefungwa kwa kamba. Shaame aliutazama ule mkoba, akawatazama mabaharia wake, kisha akaacha kung'oa nanga.

"Mwalimu," alisema, sura kavu kabisa, "mna nini humo? Watu wangu wajue mapema."

Tabia akafungua kamba, akawaonesha wote: kitabu kisicho na jalada na mandazi aliyomchukulia bibi.

"Haya," akasema Shaame, akachukua andazi moja. "Tung'oeni."