Dirisha la Kijani

Karani wa masjala alikuwa na profaili mbili kwenye kivinjari chake, ya buluu kwa kazi na ya kijani kwa mambo yake. Mdogo wake aliyemtengenezea alimwonya, "Usichanganye, dada, utakuja kuumbuka." Hakuchanganya. Kwenye buluu vidole vyake viligonga upesi, na sauti ilikuwa kavu: "Nikusaidie nini?" Saa ya mapumziko alivua viatu chini ya meza, akafungua kijani, na uso ukalainika kama wa mtu anayesikiliza mvua ya mbali. Hakuna aliyejua anatazama nini.

Siku moja kikaoni, kompyuta yake ikiwa imeunganishwa na projekta, mkono ulimteleza, kijani ikafunguka. Ukuta mzima ukajaa picha za vitanda vya watoto wachanga, vyeupe, kama vinaelea juu ya vichwa vya watu. Wote walijua kuwa hakujaaliwa mtoto. Mkono wake ukakimbilia kipanya, ukasita, ukarudi mapajani.

"Nimepata mtoto wa kulea," alisema, kwa sauti laini ambayo ofisi haikuwahi kuisikia. "Ustawi wa jamii walinikubalia jana."

Bosi akavua miwani, akautazama ukuta kwa muda. "Haya, mama," akasema taratibu, "tuchague kipi?"